William Dugdale, mwandishi wa parokia za Warwickshire

Katika kiangazi cha mwaka 1641, watu wawili walipanda farasi wakaanza kuzunguka makanisa makubwa ya Uingereza wakiwa na karatasi, wino na rangi. Mmoja alikuwa mchoraji wa nembo za koo, William Sedgwick. Mwingine alikuwa William Dugdale, mtu wa kijijini mwenye umri wa miaka 35, ambaye hakuwahi kukaa darasani katika chuo kikuu chochote. Kazi yao ilikuwa kunakili: maandishi ya makaburi, sanamu za wafu zilizolazwa juu yake, nembo zilizochorwa kwenye vioo vya madirisha, majina yaliyochongwa kwenye mawe ya sakafu. Walinakili katika kanisa la Mtakatifu Paulo la London na la Westminster, wakafika Peterborough, Ely, Norwich, Lincoln, York, Chester, Lichfield na kwingineko.

Safari hiyo iligharimiwa na tajiri mmoja, Christopher Hatton. Hatton aliona mambo yanakokwenda. Mfalme Charles wa Kwanza na bunge lake walikuwa wameshindwa kuelewana, na waumini wenye msimamo mkali walikwisha kuamua kwamba sanamu yoyote ndani ya kanisa ni ushirikina. Mwaka uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka. Mwaka 1643 askari wa bunge waliingia kanisa la Peterborough wakavunja vioo na makaburi. Lichfield ilizingirwa mara tatu, na mnara wa katikati wa kanisa lake ukaporomoka. Kanisa la Mtakatifu Paulo likageuzwa kambi ya wapanda farasi, na farasi wakalala humo humo. Mambo mengi ambayo wale wawili waliyanakili kiangazi kile yalibaki kwenye karatasi zao peke yake.

Dugdale alizaliwa tarehe 12 Septemba 1605 katika parokia ya Shustoke, kaskazini mwa jimbo la Warwickshire, katikati ya Uingereza. Wanaoandika maisha yake hawaachi kusimulia kwamba siku ya kuzaliwa kwake kundi la nyuki lilitua katika bustani ya baba yake, na watu wakasema mtoto huyu atakuwa mchapakazi. Tuiachie hadithi hiyo nafasi yake ya hadithi. Baba yake, John, alikuwa amesoma Oxford, na ndiye aliyemfundisha mwanawe vitabu vya sheria ya ardhi baada ya kijana kumaliza shule ya Coventry akiwa na miaka kama 15. Mwaka 1623, akiwa bado hajatimiza miaka 18, alimwoa Margery Huntbach. Baba alikuwa mgonjwa na alitaka kuona mwanawe ameoa kabla hajafa. Mwaka 1625, baba akiwa amekwisha kufa, William alinunua nyumba na ardhi ya Blythe, karibu na alipozaliwa. Hapo ndipo kwake mpaka mwisho.

Kwa hiyo elimu yake rasmi iliishia sekondari, kama tungesema leo. Lakini sheria ya ardhi ilimpa ufunguo ambao wasomi wengi wa Oxford hawakuwa nao: aliweza kusoma hati ya zamani, yenye Kilatini kilichofupishwa au Kifaransa cha mahakamani, na kuelewa nani alimpa nani shamba gani, na kwa masharti gani.

Hapa inafaa tusimame kidogo juu ya maneno mawili, maana bila hayo kazi ya Dugdale haieleweki. Neno la kwanza ni parokia, ambalo sisi tunalifahamu. Kule Uingereza ya zamani parokia ilikuwa eneo lenye mipaka, lenye kanisa lake na padri wake, na kila mkulima wa ndani ya mipaka hiyo alilipa fungu la kumi la mazao yake kwa kanisa hilo. Tangu mwaka 1538 kila parokia iliamriwa kuwa na daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Neno la pili halina mwenzake katika Kiswahili, nami nitalitumia kama lilivyo: manori. Manori ilikuwa milki ya bwana mmoja, pamoja na baraza lake la kuhukumu mambo madogo na wakulima waliokaa juu ya ardhi yake kwa kumlipa kodi au kumfanyia kazi. Parokia ni mpaka wa kanisa, manori ni mpaka wa bwana, na mipaka hiyo miwili haikulingana kila mara. Parokia moja iliweza kuwa na manori tatu ndani yake. Manori moja iliweza kuingia katika parokia mbili. Zaidi ya hayo, haki ya kumchagua padri wa parokia mara nyingi ilikuwa mali ya bwana fulani, na haki hiyo iliuzwa, ikarithiwa na kugombewa mahakamani kama shamba. Anayetaka kujua kwa nini padri fulani alikuwa katika kanisa fulani mwaka 1350 lazima kwanza ajue ardhi ilikuwa ya nani.

Wazo la kuandika historia ya Warwickshire halikuwa la Dugdale. Jirani yake William Burton alikwisha kuchapa kitabu juu ya jimbo la Leicestershire mwaka 1622, na kupitia kwake Dugdale alifahamiana na Simon Archer wa Tanworth, mwenye ardhi aliyekuwa akikusanya hati za Warwickshire kwa miaka mingi. Archer alikuwa na makabati ya karatasi na urafiki na kila familia kubwa ya jimbo. Alichokosa ni mtu wa kuketi na kuandika. Wakaanza kufanya kazi pamoja. Ilifika wakati Archer akabaki mkusanyaji na Dugdale akawa mwandishi. Kitabu kilipotoka kilikuwa na jina moja tu juu yake.

Mwaka 1638 Dugdale alikwenda London na Archer, akakutana na mzee Henry Spelman, mtaalamu wa sheria za kale na wa maneno ya kale, na pia Hatton niliyemtaja hapo mwanzo. Hao walimtafutia kazi katika ofisi ya nembo za kifalme. Maofisa wa ofisi hiyo walitunza kumbukumbu za koo na nembo zao, walipanga mazishi ya wakubwa, na wakati wa vita walipeleka ujumbe wa mfalme. Cheo chake kilikuwa kidogo, lakini kilimfungulia milango: hati za serikali zilizowekwa katika ngome ya London, daftari za hazina, na maktaba ya familia ya Cotton, ambayo ilikuwa na hati za kale kuliko nyingi nchini.

Vita vilipoanza alikuwa upande wa mfalme, na cheo chake kikamweka mbele. Mwaka 1642 alitumwa, akiwa amevaa vazi lake la kifalme, kuiamuru ngome ya Banbury isalimu amri, kisha ile ya Warwick. Banbury ilikubali, Warwick ilikataa. Mwezi Oktoba alikuwapo kwenye pigano la Edgehill, ndani ya jimbo lake mwenyewe, na baadaye akarudi kukagua uwanja ule, mahali majeshi yalipojipanga na mahali wafu walipozikwa. Huyo ndiye Dugdale hasa: pigano limekwisha, yeye anarudi kupima.

Aliishi Oxford na mfalme mpaka mji uliposalimu amri mwaka 1646. Ardhi yake ilikuwa imekamatwa, akalazimika kulipa pauni 168 ili arudishiwe. Lakini miaka hiyo ya Oxford, ambayo kwa wengine ilikuwa ya njaa na homa, yeye aliitumia ndani ya maktaba za vyuo. Kwa sisi wa isimu, jambo moja la wakati huo linastahili kutajwa. Dugdale alijitengenezea kamusi ya Kiingereza cha kale, lugha iliyokuwa imekoma kuandikwa takriban miaka 500 kabla yake. Hakuichapa. William Somner ndiye aliyechapa kamusi ya kwanza ya lugha hiyo mwaka 1659. Dugdale alihitaji yake kwa kazi tu: mipaka ya mashamba katika hati za zamani kuliko zote iliandikwa kwa lugha hiyo, na majina ya vijiji yalikuwa maneno yake.

Historia ya Warwickshire ilitoka mwaka 1656, kitabu kikubwa cha kurasa zaidi ya 800. Mpangilio wake ni wa kupendeza kwa yeyote aliyewahi kuhangaika na data. Badala ya kufuata alfabeti, au kuanza na familia kubwa, Dugdale anafuata mito. Anaushika mto unapoingia jimboni, anashuka nao kijiji baada ya kijiji, anapokutana na kijito anakipanda mpaka chanzo chake, kisha anarudi. Kila mahali maswali yake ni yale yale. Jina linatokana na nini? Daftari kuu la ardhi la mwaka 1086 linasemaje? Manori ilipita mikononi mwa nani, kwa urithi, kwa ndoa au kwa kuuzwa? Kanisa lilithaminiwa kiasi gani mwaka 1291, na tena wakati wa Mfalme Henry wa Nane? Nani aliwachagua mapadri, nao ni akina nani, mmoja baada ya mwingine? Mwisho huja makaburi na madirisha, na michoro pale ilipowezekana. Pembezoni mwa ukurasa, mstari kwa mstari, anaonyesha hati aliyoitoa habari hiyo. Wakati ule waandishi wengi wa historia walitosheka kusema kwamba wazee wamesimulia.

Katika maelezo ya majina ndipo tunapoweza kumkosoa kwa haki. Chukua mji wa Coventry. Dugdale aliona kwamba hapo palikuwa na nyumba ya watawa, ambayo kwa Kilatini inafanana na sehemu ya kwanza ya jina, na kwamba katika lugha ya Wales neno tre lina maana ya makazi. Akaunganisha: makazi ya watawa. Ni maelezo mazuri, tena yanalingana na historia ya mji, lakini hayakubaliki tena. Maandishi ya zamani kuliko yote ya jina hilo yanaelekeza kwenye mti wa mtu aliyeitwa Cofa. Kosa lake tunalijua hata sisi: kuchukua jina lilivyo leo, kulikata mahali panapopendeza, na kutafuta maana ya kila kipande katika lugha yoyote iliyo karibu. Kumbe njia ya kutokea alikuwa nayo mkononi, yaani kupanga tahajia zote kwa miaka yake. Aliitumia njia hiyo kwa ardhi na kwa koo, ila kwa majina hakuifuata mpaka mwisho.

Ukosoaji wa pili ni mzito zaidi. Kitabu hiki ni cha mabwana. Mkulima hupita ukurasani kama hesabu tu: familia kadhaa, plau kadhaa, kodi kadhaa. Walionunua kitabu walikuwa wenye ardhi wa Warwickshire, na Dugdale aliwapa walichotaka, yaani babu zao. Pamoja na hayo, kuna kurasa ambamo kitu kingine kinajitokeza. Alikuwa amesoma maandishi ya John Rous, padri wa karibu na mji wa Warwick aliyekufa mwishoni mwa karne ya 15, ambaye aliorodhesha vijiji zaidi ya 50 vilivyoangamizwa na wenye ardhi waliofukuza wakulima ili wafuge kondoo. Dugdale anaifuata orodha hiyo. Anapofika mahali ambapo daftari la mwaka 1086 linaonyesha wakulima na plau zao, na yeye anaona majani na kondoo tu, anaandika hivyo, na pale anapomjua bwana aliyefanya jambo hilo, kama huko Wormleighton, anamtaja jina. Wajukuu wa mabwana hao walikuwa miongoni mwa wasomaji wake. Sioni kwamba alikuwa mtetezi wa wanyonge. Ila hati ilisema hivyo, naye hakuzoea kuficha hati.

Ukurasa wake unaozungumziwa kuliko wote ulimwenguni ni ule wa Stratford, penye kaburi la Shakespeare. Mchoro wake unamwonyesha mshairi akiwa ameshika kitu kama mto wa kulalia au gunia kwa mikono miwili, bila kalamu wala karatasi, ilhali sanamu iliyopo kanisani leo ina vyote viwili. Juu ya tofauti hiyo watu wamejenga nadharia nyingi, kwamba sanamu ilibadilishwa, au hata kwamba mtu wa Stratford hakuwa mwandishi. Anayelinganisha michoro mingine ya kitabu hicho na makaburi yaliyobaki hataajabu. Wachoraji waliokata picha katika shaba hawakuyaona makaburi. Walifanya kazi kwa michoro ya haraka, na walikosea mahali pengi. Dugdale wa maandishi ni wa kuaminika kuliko Dugdale wa picha.

Kabla ya Warwickshire kutoka, mwaka 1655, lilitoka juzuu la kwanza la mkusanyo wa hati za monasteri za Uingereza. Monasteri hizo zilifungwa na serikali kati ya miaka 1536 na 1540, na hati zake zikatawanyika. Kitabu hicho huitwa cha Dugdale mpaka leo, na hapa naona pana dhuluma. Sehemu kubwa ya hati hizo ilikusanywa na Roger Dodsworth wa Yorkshire. Dodsworth alikuwa ameketi kwa miaka katika mnara wa Mtakatifu Maria mjini York akinakili hati za monasteri za kaskazini, na mwaka 1644 mnara huo ulilipuliwa kwa baruti wakati mji ulipozingirwa. Alifariki mwaka 1654, kitabu kikiwa kiwandani. Dugdale alipanga, alisahihisha, alitafuta fedha, akamaliza, tena kwenye ukurasa wa kwanza aliliweka jina la Dodsworth mbele ya lake. Hakumwibia mtu. Wasomaji ndio waliolipunguza jina, maana marehemu hahudhurii mikutano. Juzuu la pili lilitoka mwaka 1661, nalo lilibeba majina yote mawili; la tatu, mwaka 1673, lilikuwa na jina la Dugdale peke yake.

Ikaja zamu ya kanisa la Mtakatifu Paulo. Dugdale alipewa na mtu aliyezitunza hati za kanisa hilo rundo zima la karatasi za kale, mizigo kadhaa ya wachukuzi ndani ya magunia na vikapu, akachapa historia ya kanisa mwaka 1658, pamoja na picha za Wenceslaus Hollar, fundi mahiri kutoka Praha. Miaka minane baadaye, Septemba 1666, moto uliteketeza London na kanisa lile likaungua. Moto huo huo uliteketeza nakala nyingi za vitabu vyake zilizokuwa hazijauzwa. Anayetaka kujua kanisa la zamani lilikuwaje, makaburi gani yalikuwa upande gani, hufungua kitabu hicho. Kwa mengi hana pengine pa kwenda.

Ufalme uliporudishwa mwaka 1660, uaminifu wake ulilipwa. Alipewa cheo cha mkuu wa nembo kwa majimbo ya kaskazini, na mwaka 1677 akawa mkuu wa ofisi nzima, akapewa na jina la Sir. Katika kazi hii tunamwona kwa upande ambao wasifu wake mwingi huupita haraka. Alizunguka kaskazini akikagua nani ana haki ya kutumia nembo ya ukoo na nani amejipachika tu. Huko Chester kulikuwa na mchoraji, Randle Holme, aliyewatengenezea watu nembo za mazishi bila kibali cha ofisi. Dugdale alimshtaki, na mbao za nembo alizozichora zikashushwa makanisani na kuharibiwa. Mtu aliyekimbia nchi nzima mwaka 1641 ili nembo za makanisani zisipotee, sasa anaziondoa mwenyewe. Kwake hapakuwa na mgongano: nembo bila hati ni uongo ulioandikwa ukutani. Lakini familia ya marehemu, iliyolipa ubao ule na kuusimamisha mbele ya parokia nzima, iliona nini ulipovunjwa? Daftari zake haziulizi.

Aliandika na mengine, juu ya mahakama, juu ya kukausha mabwawa ya mashariki, juu ya koo za mabwana wakubwa, kitabu baada ya kitabu mpaka uzeeni. Binti yake Elizabeth aliolewa mwaka 1668 na Elias Ashmole, mwanzilishi wa makumbusho ya Oxford, na huko ndiko Dugdale alikopeleka karatasi zake. Leo ziko katika maktaba ya Bodley, ambako zile za Dodsworth zilikuwa zimekwisha kufika. Margery alifariki mwaka 1681. Mwanzoni mwa mwaka 1686 mzee alikaa muda mrefu mno kwenye majani karibu na nyumba yake ya Blythe, akapata baridi, na tarehe 10 Februari akafia kitini, akiwa na miaka 80. Alizikwa Shustoke, katika kanisa la parokia aliyozaliwa.

Mwaka 1730 kitabu cha Warwickshire kilichapwa tena, kikiwa kimeongezwa na kasisi William Thomas. Thomas hakuongeza akiwa mezani tu. Alibeba maandishi ya Dugdale akapita kanisa kwa kanisa, akiandika majina ya mapadri waliofuata, makaburi mapya yaliyojengwa, na pale ambapo kaburi au kioo alichokiona Dugdale hakikuwapo tena.